Karakana ya "magari ya spoti" hapa Nakuru imeniulia usukani wa MX-5

Wadau, nina hasira, mtanivumilia.

Kuna karakana moja mjini Nakuru, jina silitaji, inayojigamba kwamba magari ya spoti ndiyo kazi yake. Nimewapelekea Mazda MX-5 yangu, kizazi cha nne (ND), ile ya injini ya lita 1.5 kutoka Japani, wafunge tairi mpya na kufanya alaimenti, yaani kupima na kupanga magurudumu yanavyokaa. Gari lilikwenda zima. Nimerudishiwa kitu kinachotangatanga barabarani, na nilipolalamika nikajibiwa, "Boss, magari ya spoti ndivyo yalivyo. Utazoea."

Nizoee nini?

Kwa asiyelijua, hili ni gari la kilo elfu moja hivi, uzito umegawanyika karibu nusu kwa nusu mbele na nyuma, na nguvu inakwenda magurudumu ya nyuma. Mbio za kutisha halina. Kwenye mlima wa Sachangwan Subaru yoyote yenye turbo inanipita huku dereva anaongea na abiria wake. Mtu analinunua kwa ajili ya kona, basi. Ukitoka Mau Summit ukashika njia ya Kericho, zile kona za kwenye majani chai, unagusa usukani kidogo na pua imeshaitika. Gari linalala upande kiasi, linatulia, halafu mikononi unaisikia lami. Ukizidi kukunja, usukani unazidi kuwa mzito. Tairi za mbele zikikaribia kuachia, ule uzito unaanza kupungua kabla hazijateleza. Hapo ndipo unapojua uache ubishi. Ndiyo, usukani wake ni wa umeme, lakini mota iko chini kwenye raki, ile fito inayosukuma magurudumu yakunje, na kazi yake ni kusaidia tu. Habari yenyewe inatoka kwenye tairi na jinsi miguu ya mbele ilivyopangwa. Ukiharibu mpangilio, umeua habari.

Na wameuharibu kweli.

Tairi walifunga nilizoleta, 195/50 za rimu 16, saizi ya kiwandani. Hapo sina neno. Lakini wakaniongezea spesa za mbele, yale mabamba yanayokaa nyuma ya rimu, kama zawadi, eti gari "likae vizuri kwa macho". Spesa inasogeza gurudumu nje, mbali na mhimili linapokunjia, kwa hiyo kila mfereji wa malori pale Salgaa unashika usukani na kuupeleka unakotaka wenyewe. Halafu upepo. Kibandiko mlangoni kinasema psi 29. Nilipopima nilikuta 40! Kijana wa upepo alisema safari ndefu inataka tairi ngumu. Kwa lori la mchanga, labda.

Hayo mawili nimeyaondoa mwenyewe na gari limepata nafuu. Lililobaki ndilo linaloniuma.

Kwenye gari hili kila amu ya chini ya mbele (mkono unaoshika gurudumu) ina bolti mbili za kamu, yaani zenye kichwa kinachousogeza mkono huo ukizizungusha. Ukizizungusha zote upande mmoja, unabadilisha gurudumu linavyoinama ndani au nje. Ukizizungusha kwa kupishana, unabadilisha kasta, yaani ule mlalo wa mhimili kuelekea nyuma unaofanya usukani urudi wenyewe ukitoka kona. Fundi wao alilegeza zote nne, akazikaza kwa kukadiria kwa jicho, kisha akarekebisha tairodi, zile fito za kutoka kwenye raki hadi magurudumuni, mpaka usukani ukakaa sawa. Kazi imeisha, lete pesa.

Sasa nikitoka raundiabauti sharti niurudishe usukani kwa mkono, na kwenye barabara iliyonyooka gari linavuta kushoto. Kabla hamjaniambia ni tairi: nimezibadilisha za mbele, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia, na bado linavuta kule kule.

Nilirudi nikaomba karatasi ya vipimo. "Wino wa printa umeisha." Haya, nionyesheni skrini. Kwenye mstari wa kasta hakukuwa na namba, vistari vitupu. Kasta haipimwi gari likiwa limesimama tu. Lazima magurudumu yakunjwe kushoto na kulia juu ya zile sahani zinazozunguka, mashine isome. Sahani zilikuwepo, pini zake hazijachomolewa, vumbi juu. Na bei walinitoza ya "spoti", sio ya Probox.

Kilele cha yote, fundi mkuu akaja na suluhisho: tukate springi, gari lishuke, ndipo litashika kona. Grainda ilikuwa tayari mkononi! Springi iliyokatwa inakuwa ngumu na fupi, shokabzoba zake hazikuundiwa hivyo, na kwa matuta tuliyonayo kutoka hapa mpaka Kisumu utagonga stopa, ule mpira wa mwisho wa springi, kila baada ya dakika mbili. Gari kulala kidogo kwenye kona si ugonjwa. Limeundwa hivyo.

Pesa nimedai, wamenizungusha. Kwa hiyo nauliza: Nakuru, Eldoret au Kisumu, ni nani anayepima kasta pande zote mbili na kukupa karatasi, kabla na baada? Kisumu niko tayari kuja, hata kama ni kwa kushindana na usukani mpaka Ahero. Weka picha ya karatasi yako hapa, sio "kuna jamaa yangu ni mzuri". Na wale wa "ungenunua Prado", uzi wenu uko kule juu.