Chupa fupi ya divai yenye harufu ya korosho: imeharibika au ndivyo ilivyo?

Binti Mikindani:
Wanajukwaa, salaam. Ninasimamia meza katika nyumba ndogo ya wageni hapa Mikindani. Mgeni mmoja Mfaransa alipoondoka alituachia chupa ya divai iliyobaki zaidi ya nusu, fupi na yenye mabega mapana, iliyoandikwa sentilita 62 badala ya 75 tulizozoea, na juu ya lebo yake kuna maneno "Vin Jaune" na "Arbois". Rangi yake ni ya dhahabu iliyokolea. Nilipoionja pamoja na mpishi wetu tulitazamana, kwa maana haikuwa na utamu hata chembe, ilikuwa kali ulimini, na harufu yake ilinikumbusha korosho zilizochomwa zinapobanguliwa zingali moto, pamoja na kitu kama bizari. Mpishi alikata shauri kwamba imechacha na akataka kuimwaga, nikamzuia. Je, imeharibika? Na kwa kuwa madukani hapa tunaona divai za Dodoma na chapa zile zile za Afrika Kusini, mtu atazitambuaje divai za wakulima wadogo wa Ulaya akikutana nazo?

Mdau wa Shangani:
Dada, usiimwage. Hiyo ni divai ya njano ya Jura, mashariki mwa Ufaransa karibu na mpaka wa Uswisi, nayo hutengenezwa kwa zabibu aina ya Savagnin. Kwa kawaida divai inapopungua pipani kwa kuvukizwa, mwenye nayo huongeza nyingine ili hewa isipate nafasi. Huko Jura huliacha pipa lipungue kwa makusudi, na juu ya divai hutanda chachu, utando mwembamba kama ule wa maziwa yaliyopoa, ambao huikinga isigeuke siki na papo hapo huipa hiyo harufu uliyoifananisha na korosho (wenyewe husema kokwa za jozi, lakini wao hawana mikorosho). Hukaa hivyo kwa miaka sita na ushei. Inasemwa kwamba sentilita 62 ndicho kiasi kinachobaki katika kila lita moja iliyoingia pipani, na ndiyo sababu ya chupa ile fupi. Kwa kuwa imekwisha kuzoea hewa, hata ikifunguliwa hudumu wiki kadhaa, jambo ambalo divai nyingine haziwezi, hasa kwa joto letu hili. Usiigandishe kwa baridi kali, kwani harufu yote itajificha. Wenyeji wa huko huitumia pia kupikia kuku.

Karani wa Newala:
Mimi situmii kileo, lakini swali la pili limenigusa kwa sababu ya kazi yangu. Mkulima wa huku analeta korosho ghafi ghalani, zinachanganywa na za wenzake, zinapigwa mnada, na mlaji wa mwisho hatajua kamwe kama zilitoka kwenye mikorosho ya nani. Je, zabibu za huko haziendi hivyo hivyo? Jina la mkulima likiandikwa kwenye chupa, ni uthibitisho gani kwamba ni yeye aliyeitengeneza?

Mzee wa Lindi:
Ndugu Karani umegonga penyewe. Nimefanya kazi ya baa za hoteli kwa miaka mingi, na nimejifunza kuyapita maandishi makubwa na kutafuta yale madogo. Kwa divai za Champagne kuna herufi mbili ndogo sana kwenye lebo: RM ni mkulima anayetengeneza mwenyewe kwa zabibu zake, NM ni nyumba inayoweza kununua zabibu kwa wengine, na CM ni chama cha ushirika. Yenye kuhadaa ni RC, ambapo mkulima hupeleka zabibu ushirikani kisha hurudishiwa chupa zenye jina lake. Si udanganyifu, lakini mtengenezaji si yeye. Wajerumani nao huandika "Gutsabfüllung" kwa shamba linalotengeneza na kufungasha lenyewe, ilhali "Erzeugerabfüllung" huweza kutumiwa hata na ushirika. Kwingineko Ufaransa tazama "mis en bouteille au domaine", yaani imetiwa chupani kwenye shamba lenyewe. Kwa maoni yangu ushirika si aibu, kwani upo unaotengeneza divai nzuri kuliko wakulima wengi. Kinachofaa ni kujua unanunua kwa nani. Ukipata nafasi, tafuta pia divai ya zabibu aina ya Assyrtiko ya kisiwa cha Santorini, Ugiriki, ambako upepo ni mkali kiasi kwamba wakulima huisuka mizabibu ikiwa hai iwe kama tenga lililolazwa chini, na zabibu hukulia humo ndani.

Binti Mikindani:
Nawashukuru nyote. Nimeigeuza chupa na kuisoma kwa miwani ya mama: "mis en bouteille au domaine" yapo, chini kabisa. Mpishi aliyetaka kuimwaga ametia kikombe kimoja kwenye mchuzi wa kuku wa wageni wawili waliokubali, na sasa ananiuliza iliyobaki nimeificha wapi.