Kampuni ya ziara za baiskeli ilituacha juu ya mlima Galibier, Ufaransa, kwenye mvua, makoti yetu yako hotelini kwenye gari lao

Wakuu, habari za saa hizi. Uzi ni mrefu na nina hasira, lakini naomba msome, hasa nyinyi mlioko Ulaya mnaopanga kuendesha baiskeli kwenye milima ya Ufaransa. Jina la kampuni siliweki hapa maana madai bado yanaendelea, kwa hiyo msinifuate pembeni kuliuliza.

Nianze na jibu lao, kwa sababu ndilo lililonimaliza uvumilivu. Tuliwaandikia malalamiko kwa utaratibu, tukaambatanisha picha, risiti na ujumbe wote wa simu. Wamejibu kwa mistari mitatu: mvua ni jambo la asili, kampuni haina mamlaka juu ya hali ya hewa, tunakaribishwa tena mwakani kwa punguzo. Punguzo! Watu walioshindwa kushika kijiko jioni ile kwa ganzi ya vidole ndio wanaoambiwa warudi kwa punguzo.

Mvua hatuilalamikii. Tumekulia kwenye masika, tunajua kulowa. Tunachokilalamikia ni watu kutuuzia mlima bila kuwa na mpango wowote wa siku mlima ukikataa.

Siku yenyewe ilikuwa ya kutoka Saint-Michel-de-Maurienne, kupanda Col du Télégraphe ("col" ni pale barabara inapovukia juu ya mlima), kushuka Valloire, kisha kupanda Col du Galibier na kwenda kulala Monêtier-les-Bains upande wa pili. Kwa asiyeijua njia hii: Saint-Michel iko kwenye mita 700 na ushei, Galibier ni mita 2,642. Unapanda kilomita 12 hadi Télégraphe, unateremka kidogo, halafu kutoka Valloire zinakusubiri nyingine 18. Kila unapopanda mita 1,000, joto linapungua nyuzi sita hivi. Kwa hiyo bondeni kukiwa na manyunyu na nyuzi 15, kule juu utakuta mvua ya nyuzi tatu au nne, tena na upepo. Anayefanya biashara ya kupeleka watu mlimani hawezi kusema hakujua hilo.

Na walijua. Tangu jioni ya kuamkia siku hiyo Météo-France, shirika la hali ya hewa la Ufaransa, walikuwa wameshaweka alama ya njano ya tahadhari ya radi kwa Savoie, eneo tulilokuwa tunapandia. Asubuhi wakati wa chai mdogo wangu alimwonyesha kiongozi wa msafara ramani ya mvua kwenye simu, akamwuliza kwa adabu kabisa kama hatuwezi kuishia Valloire tukavuka kesho yake. Valloire ni mji wa watalii wa theluji, hoteli zipo. Jibu alilopewa: vyumba vya Monêtier vimeshalipiwa, na mvua itakatika kabla ya saa sita mchana. Haikukatika.

Hadi Valloire tulikuwa tumelowa lakini tunaongea. Baada ya Plan Lachat, pale barabara inapovuka kijito na kuanza mwinuko wenyewe, maongezi yakaisha. Ukungu ulishuka, ng'ombe tunasikia kengele zao tu hatuwaoni, na magari yanatupita karibu mno hadi maji ya matairi yanatupiga usoni. Sheria ya Ufaransa inamtaka dereva akuachie mita moja na nusu nje ya mji. Siku ile wengine hawakuacha hata nusu yake. La madereva nalipita, lina uzi wake.

Sasa sikilizeni hapa. Makoti mazito, glovu kavu na nguo za kubadili vilikuwa kwenye gari la kampuni, kwa agizo lao wenyewe, eti tusipande na mzigo. Karibu na kilele cha Galibier kuna handaki la mita 365, njia moja, magari yanapishana kwa taa. Baiskeli haziruhusiwi humo. Sisi lazima tumalizie kilomita ya mwisho, ambayo ndiyo kali kuliko zote, hadi juu kabisa, halafu tushuke upande wa pili hadi mdomo wa handaki, pale penye mnara wa Henri Desgrange, mwanzilishi wa mbio za baiskeli za Tour de France. Pale gari linaweza kuegeshwa. Gari lenye makoti yetu lilitakiwa litusubiri pale, au litupe makoti kabla halijaingia handakini. Dereva alipita handakini akanyoosha moja kwa moja hadi Monêtier. Tulipompata kwenye simu, mtandao wenyewe wa kubahatisha, akasema yuko hotelini anashusha mabegi.

Mdogo wangu alifika mnarani midomo imebadilika rangi, anatetemeka mwili mzima, maneno yanamtoka nusunusu. Nilijaribu kumfungulia mkanda wa helmeti nikashindwa, kwa sababu vidole vyangu navyo havikuhisi kifungo. Mtu akianza kuongea kama mlevi kwa ajili ya baridi, ujue mwili umeanza kushindwa kujipasha moto, na hiyo inaua. Waliotuokoa ni mzee mmoja na mkewe waliokuwa wameegesha gari lao la kulala. Walituingiza ndani, wakawasha hita, wakatupa taulo na supu ya moto, na mdogo wangu wakamteremsha wao wenyewe. Hatukuwa tunajuana hata kwa sura. Walifanya kazi ambayo tulishamlipa mtu mwingine aifanye.

Halafu breki. Baiskeli yangu na ya dada mmoja wa Bujumbura tuliyekuwa naye, zote za kukodishwa na kampuni hiyohiyo, zilikuwa na breki za kubana rimu, mipira imelika mpaka mifereji yake haionekani tena. Rimu ikilowa, breki haishiki papo hapo. Gurudumu lazima lizunguke kwanza, mpira ufute maji, ndipo mwendo uanze kupungua. Mpira ukiwa umekwisha, hata huo upungufu wa mwendo hauupati. Kutoka Galibier hadi Lautaret, col ya chini yake kwenye njia ya Monêtier, ni kilomita nane na ushei za mteremko, kona juu ya kona, na sehemu nyingi pembeni hakuna kizuizi, ni bonde tu. Nilikuwa naminya breki zote mbili mpaka mikono yake inagusa usukani, maji meusi yenye unga wa mpira yanachuruzika kwenye rimu, na baiskeli inazidi kwenda. Dada yule alishuka akaikokota. Alitembea kona zote zile kwa miguu, kwenye mvua, na viatu vya baiskeli. Kiongozi wa msafara alikuwa mbele na wenye mbio zao.

Kuna watakaosema mlienda milimani wenyewe, vumilieni, mbona wa Tour de France wananyeshewa. Haya, tuwaangalie hao hao. Julai 1996 theluji na upepo vilipoharibu njia, waandaaji waliondoa milima ya Iseran na Galibier, hatua ya kilomita 190 hivi ikabaki 46. Tarehe 26 Julai 2019 mbio zilisimamishwa katikati, Egan Bernal akiwa ameshatoroka mbele na anateremka Iseran, kwa sababu ya mvua ya mawe na udongo uliofunga barabara. Na mwaka 1998, siku Marco Pantani alipomwacha Jan Ullrich palepale Galibier kwenye mvua ya baridi, Pantani alisimama kule juu akavaa koti la mvua ndipo akateremka. Ullrich alifika karibu dakika tisa nyuma yake. Yaani bingwa anayekwenda kutwaa Tour anasimama kuvaa koti, na sisi wafanyakazi wa ofisini na hospitalini tunaambiwa makoti yako Monêtier!

Kuhusu hilo la "jambo la asili" ambalo wanajificha nyuma yake: tulinunua kifurushi, yaani kulala, baiskeli na kiongozi kwa bei moja. Kifurushi cha namna hiyo kinalindwa na Direktivu (agizo la kisheria) ya Umoja wa Ulaya 2015/2302, ambayo Ufaransa imeiingiza kwenye sheria yake ya utalii. Mwandaaji anawajibika kwa huduma zote zilizomo, na analazimika kumsaidia msafiri aliyekwama. Msamaha upo kwa hali zisizoepukika na zisizo za kawaida. Mvua iliyotangazwa tangu jana yake ina upya gani? Na mipira ya breki iliyokwisha, hiyo nayo ni mvua imeila?

Tumeshawaripoti SignalConso, tovuti ya serikali ya Ufaransa ya malalamiko ya wateja, na tunaandaa faili la Médiateur Tourisme et Voyage, msuluhishi wa migogoro ya utalii na safari, ambaye mteja hamlipi kitu. Tunadai hela ya siku ile na ya kukodi baiskeli, tena tunataka waandike kwenye mkataba wao kwamba gari haliondoki mlimani kabla ya mtu wa mwisho kuvuka.

Aliyewahi kupeleka shauri kwa msuluhishi huyo aje aseme aliambatanisha nini na ilimchukua muda gani. Na wewe uliyelipia safari ya Alps kiangazi hiki na kampuni yoyote ile, waandikie leo uwaulize gari la mizigo linasimama wapi mvua ikinyesha, na jibu wakupe kwa maandishi.