Je, kumtumaini Mungu ni kuacha kuhangaika?

Mama wa Iringa ameuliza:
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Figo za mume wangu zimeshindwa kufanya kazi, na sasa anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Bima ilikoma alipoachishwa kazi, na ndugu wanataka tuuze shamba ambalo ndilo linalotulisha. Wanajumuiya wanaokuja kutuombea hunisomea Yeremia 29:11, kwamba Mungu anatuwazia mawazo ya amani wala si ya mabaya, kisha huniambia niache kuhangaika kwa sababu yeye ndiye anayetawala yote. Kwamba anatawala, ninaamini. Ninachouliza ni kama kusema "kwa nini" na kupiga hesabu za fedha usiku kucha ni kumkosea, na ni kwa namna gani humwongoza mtu katika jambo kama hili la shamba.

Mzee wa Kanisa:
Pole sana, dada. Sura unayosomewa ni barua ambayo Yeremia aliwaandikia Wayahudi waliochukuliwa mateka Babeli, na kabla ya mstari wa 11 upo wa 10, unaosema kwamba ni lazima miaka 70 itimie kwanza. Kwa hiyo wengi wa watu wazima waliosomewa barua ile walizikwa huko huko ugenini. Katika sura ya 28 nabii Hanania alikuwa ameahidi kwamba mateka wangerudi katika muda wa miaka 2 tu (na sina shaka kwamba hata leo angejaza ukumbi), lakini Yeremia alimwambia waziwazi kuwa BWANA hakumtuma. Mungu hakuahidi kufupisha taabu yao. Aliahidi kwamba yeye aliyewapeleka uhamishoni, kama mstari wa 4 unavyosema bila kuficha, bado alikuwa Mungu wao hata huko, na ndiyo maana aliwaagiza wajenge nyumba, wapande bustani na kuoza binti zao. Hesabu zako za usiku ni utii wa namna hiyo hiyo.

Mwanafunzi wa Biblia:
Kuhusu "kwa nini", Habakuki alianza kitabu chake kwa kumlilia Mungu "hata lini", na Zaburi ya 88 inafika mwisho ikiwa bado gizani, wala hakuna aliyeifuta. Katika Ayubu 42:7 wanaokemewa ni rafiki zake waliokuwa na majibu tayari. Mimi pia huwa ninakwama kwenye Matendo 12, ambapo Herode anamwua Yakobo kwa upanga, kisha Petro anatolewa gerezani na malaika, na Luka haandiki hata mstari mmoja wa kueleza kwa nini mmoja aliokolewa na mwingine hakuokolewa.

Shemasi Mstaafu:
Niongeze juu ya uongozi wa Mungu. Katika Matendo 16 Paulo na wenzake walizuiwa mara mbili, Asia na tena Bithinia, kabla ya kuoneshwa Makedonia. Hata baada ya maono yale walitafakari pamoja ndipo wakaona hakika kwamba wameitwa, na huko Filipi walikoongozwa walichapwa kwa bakora na kufungwa miguu kwenye mkatale. Mlango kufunguka kwa wepesi, basi, si kipimo. Kuhusu shamba, mume wako asikilizwe kwanza kabla ya ndugu, kwa maana ugonjwa haujamwondolea nafasi yake ya kuamua. Mwulizeni daktari matibabu haya yatachukua muda gani, kisha nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mkaulize kama mnaweza kupata msamaha wa gharama. Shamba linaweza kukodishwa kwa msimu mmoja, kwa maandishi na mbele ya mashahidi, kabla hamjafikia kuliuza. Na hao wanajumuiya wanaokuja kuomba, waambie bila aibu kwamba mnahitaji pia nauli ya kwenda hospitali.