Mjadala: Waberberi asili yao ni wapi hasa?

Ndugu zangu, kila wakitajwa Waberberi, watu wa Afrika Kaskazini, hakosi mtu wa kusema walihamia kutoka Yemen, na mwingine wa kudai ni masalia ya Wazungu waliovuka bahari. Mimi nashikilia kwamba kwao ni huko huko waliko, toka Siwa ya Misri hadi pwani ya Moroko.

Habari ya Yemen ililetwa na wanasaba wa Kiarabu waliowaunganisha na ukoo wa Himyar, wa Yemen ya kale. Ibn Khaldun, mwanahistoria mzaliwa wa Tunis, aliipinga kwa sehemu kubwa tangu karne ya 14. Ya Uzungu ilivuma Algeria wakati wa Wafaransa, waliopenda kuwatenga Wakabyle, yaani Waberberi wa huko, na Waarabu ili iwe rahisi kuwatawala.

Sasa tazameni Taforalt, pango la mashariki mwa Moroko. Vinasaba vya watu waliozikwa humo miaka kama 15,000 iliyopita vilichapishwa 2018. Sehemu kubwa inashabihiana na watu wa kale wa Palestina na jirani zake, na karibu theluthi inaelekea kusini mwa Sahara. Baadaye waliingia wakulima kutoka Iberia (Hispania na Ureno) na wafugaji kutoka Mashariki ya Kati, wakachanganyika na wenyeji. Damu ile ya kale ingalimo kwa Waberberi wa leo.

Kuna atakayesema: basi si walitoka nje? Ukirudi nyuma kiasi hicho, taifa gani litabaki na kwao?

Upande wa lugha ndio mgumu. Kiberberi kiko familia moja na Kiarabu, Kihausa, Kisomali, hata Kiiraqw cha Mbulu hapa Tanzania. Chimbuko la familia hiyo wataalamu wanalivutania, wengine Afrika, wengine Asia. Naegemea Afrika, maana matawi yake karibu yote yako huku, na Kisemiti, tawi la Kiarabu, peke yake ndicho kilichoenea Asia.

Jambo hili linawagusa watu walio hai. Kiberberi kimekuwa lugha rasmi Moroko 2011 na Algeria 2016 tu, baada ya vizazi vya watoto kukatazwa kukitumia shuleni.

Wanaotetea Yemen nawauliza: lugha za kale za Yemen ni za Kisemiti, Kiberberi si cha Kisemiti. Kama walitoka huko, lugha yao waliiacha wapi, na hii wanayozungumza waliichukua kwa nani?