Naomba ushauri: napimaje kama tetesi ya uhamisho NBA inawezekana kimahesabu?

Kikapu_Mtaani
Wakuu, salaam. Kila dirisha la NBA likifunguliwa magrupu yanajaa tetesi, na nyingi zinafia njiani. Iliyonishinda zaidi ni ya Jonathan Kuminga, mtoto wa Goma, mwaka 2025. Sacramento na Phoenix zilitajwa kumtaka, lakini akakaa bila mkataba mpaka Septemba 30, na mwisho akasaini palepale Golden State Warriors. Nikisikia tetesi, nianzie wapi kuikagua? Na kwa Kuminga kilichokwama ni nini hasa?

Mhasibu_wa_Kikapu
Mkuu, mazoea ya soka weka pembeni. Huku hakuna ada ya uhamisho. Kinachopimwa ni mshahara unaotoka dhidi ya mshahara unaoingia, na kipimo kinategemea timu iko ngazi gani. Kwa msimu wa 2025-26:

Kikomo cha mishahara: dola milioni 154.6
Kodi ya anasa (mishahara ikipita hapa timu inalipa kodi): milioni 187.9
Aproni ya kwanza (mstari wa juu ya kodi, ukiuvuka masharti yanakaza): milioni 195.9
Aproni ya pili (masharti yanakaza zaidi): milioni 207.8

Jumlisha mishahara ya timu KWANZA, ndipo uanze kutaja majina. Aliye chini ya kikomo anaweza kumsaini mchezaji huru wa nje kwa nafasi aliyonayo. Aliyepita kikomo anabaki na ruhusa maalumu za kumsaini mchezaji wa nje. Ile ya kati ni kama milioni 14.1, ila ukiitumia yote unafungiwa aproni ya kwanza, huivuki tena msimu huo kwa sababu yoyote ile. Anayelipa kodi ana ruhusa ndogo ya milioni 5.7, nayo inamfungia aproni ya pili. Mchezaji wake mwenyewe anaweza kumsaini tena hata akiwa juu ya kikomo, kwa haki za Bird, mradi ametimiza misimu mitatu bila kubadili timu akiwa mchezaji huru. Akihamishwa kwa kubadilishana, haki hizo anakwenda nazo.

Beki_wa_Pili
Niongezee: timu iliyo juu ya aproni ya pili haiwezi kutoa mchezaji mmoja na kupokea wawili. Tetesi za namna hiyo futa moja kwa moja.

Mhasibu_wa_Kikapu
Hapo hapana, ndugu. Kilichokatazwa ni kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili au zaidi WANAOTOKA ili kumpata mmoja mkubwa. Kutoa mmoja na kupokea kadhaa kunaruhusiwa, mradi jumla ya wanaoingia isizidi mshahara wa anayetoka. Minnesota walikuwa juu ya aproni ya pili mwaka 2024 walipomtoa Karl-Anthony Towns kwenda New York, wakapokea zaidi ya mmoja, wakiwemo Julius Randle na Donte DiVincenzo. Towns alikuwa na milioni 49 peke yake, ikatosha. Wangetaka kufanya kinyume chake, kutoa wachezaji wawili ili kumpata mmoja mwenye mshahara kama wa Towns, dili lingekufa pale pale.

Mezani_Pro
Sasa Kuminga. Hapa ndipo watu wengi wanapotea.

Alikuwa mchezaji huru mwenye masharti, yaani Warriors walikuwa na haki ya kulingana na ofa yoyote ya nje. Kumtoa kwa ofa kubwa kulihitaji timu yenye nafasi chini ya kikomo, na mwaka huo Brooklyn tu ndio walikuwa na nafasi ya maana. Ikabaki njia ya kumsainisha na kumhamisha papo hapo. Mtego wake uko hivi: mchezaji akipandishwa zaidi ya asilimia 20 na timu yake iko juu ya kikomo, kwa timu inayomtoa anahesabiwa nusu ya mshahara mpya, au mshahara wa zamani, kipi ni kikubwa. Kwa anayempokea anahesabiwa wote.

Kuminga alitoka kwenye milioni 7.6. Tuseme anapewa milioni 20. Warriors wanahesabiwa wametoa 10, na wakibanwa na sharti la kutopokea zaidi ya walichotoa, mwisho wao ni 10. Upande wa pili unapokea 20. Kwa mishahara ya kiwango cha kati sheria inaruhusu kuzidisha takriban milioni 8.5, kwa hiyo lazima watoe angalau 11.5. Kumi na kumi na moja na nusu hazikutani. Unatafuta timu ya tatu ya kumeza tofauti, na kila anayeongezeka mezani anataka chake. Juu ya hapo, anayempokea mchezaji kwa njia hii anafungiwa aproni ya kwanza, na mkataba lazima uwe wa miaka mitatu au minne.

Ile Septemba 30 nayo ina sababu. Ofa ya mwaka mmoja ya karibu milioni 8 aliyokuwa nayo mkononi ilikuwa inaisha Oktoba 1.

Kikapu_Mtaani
Nimeelewa sana, shukrani. Kwa nini basi wasimsaini kawaida, kisha wamhamishe wiki inayofuata?

Mezani_Pro
Kalenda inazuia. Mchezaji huru aliyesaini hahamishwi kabla ya Desemba 15 au kabla ya miezi mitatu kupita, ile inayochelewa zaidi. Aliyesainiwa kwa haki za Bird na timu iliyo juu ya kikomo, akapandishwa zaidi ya asilimia 20, anasubiri mpaka Januari 15, na Kuminga aliangukia hapo. Ila tarehe hiyo ikifika ule mtego wa nusu haupo tena. Mshahara wake wa takriban milioni 22.5 unahesabiwa wote pande zote mbili, na dili linalinganishwa kama la mchezaji mwingine yeyote. Kwa hiyo tetesi yake ya Novemba usiipotezee muda. Ya mwishoni mwa Januari chukua kalamu.