Naomba ushauri: vijana wajengeje msimamo wao wa kisiasa?

Ndugu zangu, salaam kutoka Dodoma. Naongoza kikundi cha vijana wanaojadili siasa, nao hufuatilia sana mambo ya Marekani, kiasi kwamba kila hoja wanaipima kwa mizani ya huko: huyu mliberali (mpenda mabadiliko na mkono wa serikali katika uchumi), yule mhafidhina (mshikilia mila na mtetezi wa mali binafsi), na mjadala unaishia hapo.

Mizani hiyo haitutoshi. Mzee wa Kongwa anayeshikilia mila za ndoa na heshima ya dini, ambaye Marekani angeitwa mhafidhina, anaweza kuwa ndiye huyo huyo anayetetea kwa nguvu kwamba ardhi yote ibaki mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini, kama Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inavyosema. Tumweke kambi gani? Hata huko kwao kambi hazikutulia, kwani chama cha Republican, kilichoanzishwa mwaka 1854 kupinga kuenea kwa utumwa, leo ndicho makao ya wahafidhina.

Nimefikiria kuwapa suala moja moja, mfano ushuru wa mafuta ya kula yatokayo nje, wapime hoja za mkulima wa alizeti, msindikaji na mlaji kabla ya kusikia chama kipi kinasema nini. Nahofia, hata hivyo, kwamba watabaki na maoni yaliyotawanyika yasiyo na msingi. Je, nianzie kwenye misingi ya haki na usawa, au kwenye suala lenyewe? Walimu na wazazi mliowahi kuongoza mijadala ya namna hii, naomba mnieleze mlivyofanya, hasa pale kijana anapotofautiana na familia yake.