Gemu mpya za kompyuta kwenye Linux: wadau wa Nyanda za Juu Kusini, tupeane uzoefu

Mkazi wa Soweto, Mbeya (mtoa mada)
Habari za majukumu, wadau. Tangu Microsoft ilipositisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mafundi wa hapa mjini wamekuwa wakiwashauri vijana wengi wahamie Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta. Kompyuta tunazonunua ni zile zilizokwisha kutumika maofisini huko nje, na nyingi haziwezi kupokea Windows 11, kwa sababu mfumo huo unadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, kwa kawaida unataka prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi. Ushauri ni mzuri, lakini swali linalofuata ni lile lile kila mahali: je, gemu mpya zitacheza? Juzi nilimsikia fundi wa Kabwe akimjibu mteja kwamba zote zinacheza, na jirani yake akasema hakuna hata moja. Naomba waliokwisha kupita njia hiyo waeleze yaliyowakuta.

Mwanachuo wa Iyunga
Umenikumbusha usiku ambao sitausahau. Nilikuwa na kompyuta ya mezani ya ofisini yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 4, bila kadi ya grafiki ya pembeni. Niliweka Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux, nikaweka Steam, duka la gemu za kompyuta, nikapakua gemu kwa bando la usiku ambalo nilikuwa nimelidunduliza, na asubuhi nilipobonyeza kitufe cha kuanza, kioo kikawa cheusi, sauti ikasikika kidogo, kisha kila kitu kikafungika.

Sababu niliielewa baadaye, na ndiyo ningependa kila mnunuzi wa mashine ya aina hiyo aijue kabla ya kutoa fedha. Gemu za Windows huzungumza na kadi ya grafiki kupitia Direct3D, lugha ya grafiki ya Windows. Kwenye Linux, Steam hutumia Proton, programu inayowezesha gemu za Windows kucheza humo, ambayo Valve, kampuni yenye Steam, iliitoa mwaka 2018 ikiwa imejengwa juu ya Wine, mradi wa kuendesha programu za Windows nje ya Windows ulioanza mwaka 1993, na ndani ya Proton kuna mkalimani aitwaye DXVK anayegeuza maagizo ya Direct3D ya 8 hadi 11 kuwa maagizo ya Vulkan, lugha ya grafiki inayoeleweka kwenye Linux, na mwenzake VKD3D-Proton anayeshughulikia Direct3D 12. Matoleo ya sasa ya wakalimani hao yanataka Vulkan 1.3. Grafiki za Intel za kizazi cha 4 hazina Vulkan iliyokamilika, hivyo mkalimani hana wa kuzungumza naye. Kuanzia kizazi cha 6 hali ni nyingine kabisa.

Nilichofanya ni kununua kadi ya AMD RX 550 iliyotumika, kwa kuwa mashine za ofisini zina pawasaplai ndogo na kadi hiyo hutosheka na umeme wa kwenye bodi. Gemu za miaka ya nyuma sasa zinakwenda vizuri, ila gemu kubwa za karibuni zinailemea, na hata ningekuwa na Windows zingeilemea vile vile.

Kijana wa Mwanjelwa
Kioo cheusi na sauti inayokatika: hata mimi nilikutana nacho, na mashine ilikuwa ya kizazi hicho hicho.

Mzawa wa Mafinga
Ndugu zangu, tusipotezeane muda. Linux ni ya seva na ya waandishi wa programu. Anayetaka gemu aweke Windows hata kama ni ile ya zamani, acheze, alale. Hayo ya wakalimani ni kujitafutia kazi.

Mwanachuo wa Iyunga
Kaka wa Mafinga, nakuheshimu, lakini hilo lilikuwa kweli zamani. Dota 2, Counter-Strike 2 na Euro Truck Simulator 2 zina matoleo ya Linux yenyewe, bila mkalimani. Cyberpunk 2077 ilipotoka Desemba 2020, Valve ilikuwa tayari na Proton inayoifungua kwa wenye kadi za AMD siku ile ile. Elden Ring ya mwaka 2022 inacheza, hata mtandaoni. Kifaa cha Valve cha kuchezea gemu mkononi, Steam Deck, kilichotoka Februari 2022 kinatumia Linux, kwa hiyo watengenezaji wengi sasa wanajaribu kazi zao humo kabla ya kuziuza. Ukisema Linux haifai kwa gemu, unamkatisha tamaa mtu ambaye mashine yake haina njia nyingine iliyo salama.

Mzawa wa Mafinga
Umetaja zile zinazocheza. Taja na zisizocheza, ili mtu aamue akiwa na picha kamili.

Mwenye ukumbi wa Mlandege, Iringa
Zisizocheza nitazieleza mimi, kwa maana zimenigusa mfukoni na machoni pa watu.

Nina ukumbi mdogo wa gemu. Niliziweka kompyuta zote kwenye Linux kwa sababu nilichoshwa na virusi vinavyoletwa kwenye flashi za wateja, na kwa miezi mingi mambo yalikwenda vizuri kiasi kwamba watoto hawakujua wanatumia mfumo gani. Ilipofika likizo ya Desemba, wanafunzi wa bweni wakiwa wamerudi nyumbani, niliandaa mashindano ya gemu moja ya mapigano ya mtandaoni iliyokuwa ikipendwa sana. Walijiandikisha vijana wa Kihesa, wa Gangilonga na wa Ipogolo, na wengine walipanda basi kutoka Mafinga. Ada walilipa mapema, na zawadi nilikwisha kuinunua na kuiweka mezani ili waione.

Usiku wa kuamkia mashindano, gemu ilipokea sasisho. Asubuhi niliwasha kompyuta ya kwanza: gemu ikafunguka, ikaonyesha ukurasa wa mwanzo, na mara tu mchezaji alipotaka kuingia kwenye pambano, seva ikamtoa na ujumbe kwamba mfumo wake haukubaliki. Nikawasha ya pili, ya tatu, na zilizobaki, na jibu likawa lile lile. Nje foleni ilikuwa imefika barabarani, na baridi ya asubuhi ya Iringa mnaijua. Vijana wakaanza kusema nimewala fedha. Mzazi mmoja, mtu mzima ninayemwamkia shikamoo kila siku, aliingia na kuniuliza mbele ya watu wote kama nimegeuka tapeli. Nilijibu kwa adabu, lakini mikono ilikuwa ikitetemeka. Nilirudisha ada zote siku hiyo hiyo, na nauli za wale wa Mafinga nikazilipa mimi.

Mashine hazikuwa na tatizo lolote. Gemu ile ile, kwenye kompyuta zile zile, ilicheza jana yake jioni. Kilichobadilika ni uamuzi wa wenye gemu kwamba mfumo wao wa kuzuia udanganyifu usikubali tena Linux, na sisi tuliokwisha kuinunua hatukupewa hata wiki moja ya kujiandaa.

Kijana wa Mwanjelwa
Pole sana, mkuu. Gemu gani hiyo, ili tuiepuke?

Mwenye ukumbi wa Mlandege, Iringa
Sitaitaja. Nataka watu waelewe jambo lenyewe, maana linaweza kutokea kwa gemu yoyote ya mtandaoni.

Binti wa Sokomatola
Nimesoma habari ya Mlandege mara mbili. Yule mzazi alirudi kuomba radhi?

Mwenye ukumbi wa Mlandege, Iringa
Alirudi, dada. Alimleta mwanawe mwenyewe, na hadi leo ni mteja wangu.

Mpenda usalama wa Njombe
Nasikitika kwa yaliyompata ndugu wa Mlandege, ila tuwe wakweli kuhusu sababu. Baadhi ya mifumo ya kuzuia udanganyifu, kama Vanguard, huingiza draiva yake ndani kabisa ya kiini cha Windows ili imwone mdanganyifu popote anapojificha. Proton hutafsiri maombi ya programu za kawaida, haiwezi kuingiza draiva ya Windows kwenye kiini cha Linux, na binafsi nashukuru kwamba haiwezi. Ndiyo maana Valorant, inayotumia Vanguard, haichezi, na League of Legends iliyokuwa ikicheza kupitia Wine ilifungika mwaka 2024 ilipoletewa Vanguard. Mifumo mingine ya aina hiyo, Easy Anti-Cheat na BattlEye, ilifungua njia ya kufanya kazi na Proton tangu mwaka 2021, lakini kila mwenye gemu lazima akubali mwenyewe. Wa Elden Ring walikubali. Kwa GTA Online, BattlEye ilipoingizwa Septemba 2024, wenye Linux walibaki nje, ingawa sehemu ya kucheza peke yako inaendelea. Apex Legends ilikuwa imekubali, kisha mwishoni mwa Oktoba 2024 ikaifunga Linux kwa madai kwamba wadanganyifu walikuwa wakiitumia kujificha.

Mzawa wa Mafinga
Basi kampuni zina haki. Mdanganyifu mmoja anaharibu mchezo wa watu wengi waliolipa.

Mpenda usalama wa Njombe
Haki ya kulinda mchezo wanayo. Haki ya kukuuzia kitu leo na kukufungia kesho bila taarifa, hiyo siikubali. Wala sikubali kwamba ili kijana wa Njombe acheze dakika chache, programu ya kampuni ya mbali ikae kwenye kiini cha kompyuta ambayo mama yake anatumia kwa mambo ya benki.

Mzawa wa Mafinga
Anayeogopa hivyo acheze bao.

Mwalimu wa Makambako
Wanangu, msigombane. Mimi nina swali la mzazi: kijana wangu anataka gemu ya mpira, ile ya EA Sports FC, na kompyuta yake ina Ubuntu, toleo la Linux. Nimnunulie?

Fundi wa Uyole
Shikamoo, mwalimu. Usimnunulie kwa Ubuntu. Gemu hiyo inatumia EA AntiCheat, ambayo haikubali Linux. Kama anapenda mpira kwa upande wa kupanga kikosi na kununua wachezaji, Football Manager inacheza kupitia Proton. Kwa gemu nyingine yoyote, kabla ya kulipa tazama ProtonDB, mahali wachezaji wanapoandika ilivyokwenda kwenye mashine zao, na msome wenye kadi kama yake, kwa kuwa sifa za mwenye kadi kubwa hazitakusaidia. Gemu ikiwa ya mtandaoni, tazama pia AreWeAntiCheatYet, tovuti inayoonyesha ni gemu zipi ambazo mfumo wake wa kuzuia udanganyifu unakubali Linux. Na kama ni Steam, mna siku 14 tangu kununua kuomba fedha irudi, mradi gemu haijachezwa zaidi ya saa 2. Basi aijaribu siku hiyo hiyo, asiiweke kwa ajili ya likizo.

Mwalimu wa Makambako
Marahaba, mwanangu. Nimeelewa.

Dereva wa Tunduma
Mimi tatizo langu ni diski. Nina diski ya nje iliyojaa gemu nilizozipakua nikiwa na Windows. Nimeiunganisha kwenye Fedora, toleo jingine la Linux, Steam inaziona zote, lakini nikibonyeza kuanza zinarudi kimya bila ujumbe wowote. Kuzipakua upya kwa bando la huku mpakani siwezi.

Fundi wa Uyole
Diski yako imepangwa kwa NTFS, mtindo wa Windows wa kupanga diski, kaka. Proton hutengeneza humo folda iitwayo compatdata yenye majina ambayo NTFS haiyapokei vizuri, na kama Windows haikuzimwa kikamilifu, Linux huifungua diski kwa kusoma tu. Tenga sehemu ya ext4, mtindo wa Linux, nakili humo folda ya kila gemu ndani ya steamapps/common, kisha iambie Steam isakinishe gemu hiyo mahali hapo. Itakagua mafaili yaliyopo na kupakua yaliyopungua tu. Tena zima upakuaji wa sheda (maelekezo ya kuchora picha za gemu yaliyoandaliwa mapema) kwenye mipangilio ya Steam, maana unakula bando kimya kimya.

Mwanachuo wa Iyunga
Hapo kwenye sheda sikubaliani nawe, fundi. Ukizima, gemu nyingine hukwama kwama kila unapoingia eneo jipya, hasa kwenye prosesa dhaifu. Mimi nimeacha iwake.

Fundi wa Uyole
Wewe una intaneti ya chuo. Mwenye kupima bando azime, avumilie kukwama kwa mwanzo, na baada ya kupita maeneo hayo mara ya kwanza itatulia.

Dereva wa Tunduma
Nimenakili moja kwa majaribio. Steam imekagua, imepakua kidogo sana, na gemu imefunguka. Ahsante, fundi. Zilizobaki nazihamisha leo.

Mgeni kutoka Tukuyu
Nimechelewa kuuona uzi. Kadi yangu ni GeForce GT 710 na duka lililoniuzia lilisema ni ya gemu. Kuna matumaini?

Fundi wa Uyole
Kwa gemu mpya, hapana. Draiva ya mwisho ya kadi hiyo ni ya mfululizo wa 470, inayoishia Vulkan 1.2, na Proton kuanzia 8.0 inataka 1.3. Fungua sifa za gemu kwenye Steam, chagua Proton 7.0, ujaribu zile za zamani. Ukikusanya fedha ya kadi nyingine, tuonane kwanza kabla hujalipa.